Mafungu Mawili ya Diski

Siku tulipokaa kugawana alivyoacha marehemu baba, kompyuta yake ilikuwa bado juu ya meza ya duka, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate. Arobaini ilikuwa imepita. Duka letu la mafuta ya alizeti ni chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, pale Utemini, kwa hiyo tuliketi sebuleni na kompyuta tukaiona kupitia mlango uliokuwa wazi. Kaka yangu alikuwa ameshachukua duka zima, na hakuna aliyepinga, maana ndiye aliyeliendesha tangu baba alipoanza kuumwa. Dada yetu mkubwa alichukua cherehani na makabati. Mama alipoulizwa anataka nini, alisema, "Nyumba si nakaa? Nipeni simu yake tu."

Ikabaki kompyuta.

Kaka aliitaka kwa sababu programu ya duka ilikuwa humo, na programu ile ilifanya kazi kwenye Windows tu. Mimi niliitaka kwa sababu nafundisha kompyuta sekondari, na shule yetu ilikuwa imepewa msaada wa mashine chakavu ambazo Windows mpya haikuzitaka hata kuziona. Nilikuwa nimeanza kuzifufua kwa Linux, moja baada ya nyingine, lakini nyumbani sikuwa na mashine ya kujifunzia. Nikaeleza hayo yote kwa utaratibu. Kaka alinisikiliza jinsi anavyomsikiliza muuza karanga aliyeingia dukani kukiwa na wateja.

"Hiyo Linux ndiyo nini?" akauliza.

"Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows. Ila huu ni wa bure."

"Wa bure!" Akacheka, akamgeukia shemeji yetu. "Umesikia, Injinia? Anataka cha bure."

Lazima nieleze Injinia ni nani. Ni mume wa dada yangu, na jina hilo alipewa siku alipokuja kuposa; hakuna aliyewahi kuona alichokijenga wala alichokitengeneza. Alikuwa na kazi kwenye ofisi moja mjini, ambako kwa ninavyojua mimi alichomeka printa ukutani halafu akakaa karibu nayo. Kitambulisho cha kazi alikivaa shingoni hata siku ya Idi, kikawa kinaingia kwenye pilau. Jibu alikuwa nalo kabla hujamaliza swali, na alipokosea hakurudi nyuma, aliongeza sauti.

"Linux ni ya wadukuzi, shemeji," akaniambia kwa huruma. "Ukiiweka hapo, wezi wa mtandaoni wanakuja kulala humu ndani."

Dada akatikisa kichwa kukubali. Miaka yote ya ndoa yake ameishi kwa kutikisa kichwa.

Mama ndiye aliyeuliza swali pekee la maana siku ile. "Kwani hiyo kompyuta haigawanyiki?"

"Mama, kompyuta si mbuzi," kaka akasema.

"Inagawanyika," nikasema. "Diski yake ndani unaikata pande mbili. Upande mmoja unakaa Windows, upande wa pili inakaa Linux. Ukiwasha, inakuuliza unataka kuingia wapi. Yeye ataingia kwake, mimi nitaingia kwangu, na hakuna atakayemgusa mwenzake."

Nikajua kaka anatafuta tundu la kupitia. Akalipata.

"Sawa. Kama inagawanyika, igawanywe kisheria. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni nione kama atacheka, hakucheka. Mtu huyu sheria hakuikumbuka wakati anachukua duka lote na mapipa yake. Msikitini alionekana Ijumaa ambazo wateja ni wachache. Leo, kwa ajili ya diski ya kompyuta, amekuwa mwanazuoni. Mama, ambaye ni Mnyiramba wa Misigiri na hasira zake hazijawahi kujifunza Kiswahili, alisema neno moja kwa lugha yao. Dada akainamisha uso. Sitalitafsiri, maana kwa Kiswahili linapoteza nguvu.

Kaka alikwenda kweli kumwuliza shehe wa mtaa. Aliporudi alisema shehe alikuwa na shughuli nyingi. Baadaye mke wa shehe alimsimulia mama ilivyokuwa: shehe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Na duka mligawanaje?" Kaka akakumbuka kwamba ameacha mlango wazi, akaaga.

Nilimwachia mafungu yake mawili. Linux haina tamaa; fungu moja lilinitosha na kubaki. Nilitaka kuianza kazi Jumamosi iliyofuata, mwenyewe, kimya kimya. Lakini Injinia alishatangaza kwamba kazi ya kitaalamu inataka mtaalamu, na kaka akaniambia nisiguse kitu mpaka afike.

Alifika saa nne akiwa na kimkoba cha bisibisi, ingawa hakukuwa na parafujo hata moja ya kufungua. Akavuta kiti, akaomba feni igeuzwe imwelekee yeye. Kaka akafunga duka nusu mlango. Mimi nilisimama nyuma yao na flashi yangu mkononi, ile niliyoiandaa shuleni ikiwa na Linux tayari kwa kusimikwa.

"Shemeji," nikasema, "kwanza tuingie Windows, tuzime ule ulinzi unaofunga diski kwa msimbo, ndipo tupunguze ukubwa wa upande wake. Tusiguse kitu kingine kabla ya hapo."

"Hayo ni mambo ya darasani," akajibu bila kugeuka. "Huku kwenye fani tunaanza na mizizi."

Akawasha, akabonyeza kitufe cha kuingilia kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, ile ya maandishi matupu, akaanza kugeuza kila alichokikuta. Palipoandikwa imewashwa, alizima. Palipozimwa, aliwasha. Kila akigeuza alisema "naam", kama daktari anayegusa tumbo la mgonjwa. Akahifadhi, akaiwasha upya, akaegemea kiti na mikono nyuma ya kisogo.

Skrini ikawa bluu. Hakukuwa na Windows, hakukuwa na faili za duka. Palikuwa na maandishi na mstari mtupu unaosubiri kujazwa.

Feni ilikuwa inampulizia yeye peke yake, lakini jasho lilimtoka. Akazima, akawasha. Bluu. Akazima tena, akasubiri kidogo kama anayemvizia panya, akawasha. Bluu.

"Imekufa," akasema.

"Imekufaje?" kaka akauliza, sauti yake imepanda. "Madeni ya wateja yamo humo! Oda za Ikungi zote zimo humo!"

"Ni Linux. Niliwaambia. Imeingiza virusi."

"Shemeji, Linux hii hapa mkononi mwangu," nikasema, nikaiinua flashi waione. "Haijaigusa hata meza."

Injinia aliitazama ile flashi. Kwa sekunde chache nilidhani ataona aibu. Kisha akasema, bila kupepesa macho, "Zipo zinazoambukiza kwa mbali."

Nimefundisha watoto wa kidato cha kwanza wanaodhani kipanya cha kompyuta kinakula. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia neno la kipumbavu kiasi kile. Na kaka yangu, aliyesoma, anayeuza na kununua na kumshinda maneno wakala yeyote wa alizeti, alinigeukia mimi kwa macho makali, akasogea kidogo mbali na flashi yangu.

Injinia akakumbuka ana kikao. Jumamosi. Akakusanya bisibisi zake ambazo hakuzitumia, akatoka, na tukasikia pikipiki yake ikiondoka kwa haraka isiyo ya kikao.

Mimi nikakaa kwenye kile kiti na kufanya jambo ambalo wao hawakuwa wamelifanya: nikasoma kilichoandikwa kwenye skrini. Kilieleza wazi. Mashine imeona mipangilio yake ya ndani imegeuzwa, imedhani ni mwizi, imejifunga. Inataka ufunguo, na ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye kompyuta. Mwenye kompyuta tulikuwa tumemzika. Lakini akaunti yake ilikuwa wazi kwenye simu yake, na simu yake ilikuwa kwa mama.

Nilimkuta mama uani anapepeta ulezi. Nikamweleza. Aliingia chumbani, akafungua sanduku lake, akaitoa simu ndani ya khanga aliyoizungushia. Ilikuwa imejaa chaji. Sikujua kwamba anaichaji. Alichora alama ya kuifungulia kwa kidole, bila kufikiri, na kabla sijaanza kutafuta kitu akaniambia, "Usifute zile sauti zake." Ndipo nikaelewa alichokuwa anakifanya mchana anapojifungia. Baba alikuwa na tabia ya kuwatumia wakulima ujumbe wa sauti: leteni magunia mawili, mashudu yamekwisha, gari linapita kesho. Mama alikuwa akizisikiliza hizo habari za mashudu.

Nikaupata ufunguo. Ulikuwa mlolongo mrefu wa tarakimu, makundi kwa makundi. Nikanyoosha mkono niichukue simu nikaandike.

"Haitoki mkononi mwangu," mama akasema. "Nitakusomea."

Akaja nayo dukani, akavaa miwani, akasimama karibu na mizani. Kaka akampa kiti, hakukitaka. Akaanza kusoma namba kwa sauti ya kuita wanafunzi, na mimi nikabonyeza. Kila alipoanza kundi jipya alinisubiri nimwonyeshe kwa kichwa. Katikati akaghafilika, akaingia kwenye Kinyiramba, na vidole vyangu vikaendelea vilevile, kwa sababu hesabu za kwanza maishani mwangu nilihesabishwa kwa lugha hiyo kwenye kukoboa mahindi. Kaka, aliyezikataa hizo lugha "za shamba" tangu akiwa mdogo, alibaki anatutazama midomo kama mgeni.

Nilipobonyeza ya mwisho, skrini ikafunguka. Ikaja picha aliyoiweka baba: mteremko wa Sekenke, lori la alizeti limepata pancha, na utingo amelala kivulini chini ya lori. Aliipiga mwenyewe. Mama aliitazama, akaizima simu, akairudisha kwenye khanga, akarudi kwenye ulezi wake.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, kama nilivyojua tangu mwanzo. Nikarudisha mipangilio ilivyokuwa. Nikazima ule ulinzi na kuiacha mashine ijifungue diski polepole hadi alasiri. Nikazima pia ile tabia ya Windows ya kujifanya imezimika kumbe imelala tu. Nikanakili faili za duka kwenye diski ya pembeni. Kisha nikapunguza upande wa kaka, yeye amesimama nyuma ya bega langu kuhakikisha mafungu yake mawili hayakupungua hata punje, nikachomeka flashi, nikasimika Linux kwenye fungu langu. Kabla ya magharibi, ukiiwasha kompyuta ilikuuliza, kwa maandishi meupe, unataka kuingia wapi.

Kesho yake Injinia alipiga simu kuuliza kama "yale marekebisho" yake yamekubali.

Tuliishi hivyo kwa amani mpaka ulipofika ugomvi wa saa. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo ambayo haizimiki. Linux huitunza saa hiyo kwa wakati wa dunia, ambao uko nyuma ya wetu kwa masaa matatu, na inajua kujumlisha. Windows ikiikuta inadhani ndiyo saa ya hapa. Mtandao ungeirekebisha, lakini kaka bando aliliweka kwenye simu yake tu. Kwa hiyo kila nikimaliza kazi zangu na yeye akaingia kwake, stakabadhi zake zilitoka na saa iliyochelewa, na kwa kuwa hakuwahi kusoma kitu alichokitoa mwenyewe, hakugundua.

Aliyegundua ni mzee mmoja mfugaji wa Ikungi, mteja wa siku nyingi. Alikuja dukani ameishika stakabadhi kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia.

"Shikamoo mzee," kaka akasema.

"Marahaba. Nieleze hii karatasi. Inasema nimechukua mafuta hapa asubuhi. Mimi asubuhi ile nilikuwa kwangu, naogesha ng'ombe. Nilifika hapa mchana. Nani alikuja asubuhi kwa jina langu?"

Kaka akajieleza, mzee akakataa. Majirani wakasogea. Mzee akaondoka anaapa kwamba duka la marehemu limeingiwa na ujanja, na kaka akaja mpaka uani nilipokuwa nasahihisha madaftari.

"Umenirogea saa!" akasema.

Akampigia Injinia na kuweka spika ili na mimi nisikie hukumu. Injinia hakusita. "Linux inafuata saa za Ulaya kwa sababu ndiko ilikozaliwa," akasema. "Hilo haliondoki. Itabidi mzoee."

"Tuzoee? Nimwambie mzee wa Ikungi azoee saa za Ulaya?"

Nikaweka kalamu chini, nikaenda dukani, nikaingia Linux, nikaandika amri ya mstari mmoja inayoiambia itunze saa ya hapa. Nikatoka. Kaka alikuwa bado kwenye simu, anaelezwa habari za Ulaya.

Halafu ikaja siku ambayo luku iliisha. Kaka alikuwa ameyajaza mafungu yake mawili kwa sinema zilizotafsiriwa, mechi za zamani na mieleka, mpaka Windows ikawa inapumua kwa shida. Akaanza kuisasisha asubuhi, na katikati umeme ukakatika kwa sababu hakununua. Uliporudi, upande wake ulizunguka na kuzunguka bila kufika popote.

Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akagonga. Kaka yangu hajawahi kugonga mlango wangu tangu tuzaliwe, huingia.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini, "hebu njoo uangalie kidogo. Kuna mteja anasubiri."

Nikaiwasha, nikachagua Linux, nikaufungua upande wake. Zikatokea faili za duka zote, salama, zimebanwa katikati ya mieleka. Nikaanza kuzinakili. Kaka akainama, akakodoa.

"Kumbe siku zote ulikuwa unaona kwangu?"

"Nilikuwa naona."

"Na mimi kwako?"

"Windows haijui kusoma upande huu."

Akanitazama kama mtu aliyegundua bafu analoogea halina paa. Alikuwa amepigania ukubwa mpaka kwa shehe, na ukubwa ndio alioupata.

Nikaitengeneza Windows yake. Ikajiweka mbele kwenye kuwaka, kama kawaida yake ikishatengenezwa, nikairudisha kwenye foleni. Nikamwambia afute sinema. Hakufuta. Wiki hiyo hiyo nilimsikia akimsimulia wakala mmoja, mimi nikiwa uani namsikia kila neno, jinsi kompyuta ilivyoharibika na "shemeji yangu Injinia" alivyoiokoa kwa simu tu, bila hata kufika.

Sikutoka kumsahihisha. Mtu akichagua kuwa mjinga kwa hiari yake na kwa furaha, kumzuia ni kumnyang'anya starehe.

Mwaka huu amejinunulia kompyuta mpya ya mapajani, akaniachia ile ya baba. Alikuja na ile mpya sebuleni jioni moja, ameikumbatia. Akaniambia Injinia amemweleza kwamba wataalamu wa kweli siku hizi wanatumia Linux, na kwamba yeye Injinia ameitumia miaka mingi, alikuwa anatuficha tu kwa kuwa tusingeelewa.

"Sasa nataka na hii iwe na zote mbili," akasema. "Unaweza kuniwekea?"

"Mwombe Injinia."

"Ana vikao."

"Basi subiri vikao viishe."

Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. "Mwekee kaka yako," akasema, bila kuinua kichwa, na kwa mama yangu hilo ni neno la mwisho.

Nikamwekea Jumapili. Alikaa pembeni yangu anatafuna karanga, akauliza maswali, nikamjibu yote kwa ukweli, na hakusikiliza hata jibu moja. Nilipofika mahali pa kugawa diski nikamwuliza kila upande uchukue kiasi gani. Akafikiri sana. Akasema ngoja kwanza ampigie Injinia amwulize.

Akatoka nje na simu. Nikagawa nusu kwa nusu, nikaendelea na kazi.